Timu ya chuo au ya mtaani? Jibu kwa binti wa mwaka wa kwanza Mtwara

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, nimetoka Makete, na sasa niko mwaka wa kwanza wa ualimu katika chuo kikuu kimoja hapa Mtwara mjini. Sekondari nilicheza netiboli, namba ya senta, nikafika UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa. Kapteni wa netiboli wa chuo ameniita mazoezini. Wakati huohuo timu ya mtaani ya mpira wa miguu wa wanawake wameniona nikikimbia ufukweni Shangani, wamenipa fomu nisaini. Wanasema nitapewa jezi na nauli, ila cheti changu cha kidato cha nne wabaki nacho wao "kwa usalama". Mama kwenye simu anasema nimekuja kusoma, si kukimbia. Na kusema kweli, joto la huku linanimaliza. Je, nijiunge? Na wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na karibu Kusini.

Jiunge. Muhula huu wa kwanza jiunge na netiboli ya chuo peke yake. Timu ya mtaani, kama roho inapenda mpira, nenda ufanye nao mazoezi siku moja moja. Lakini ile fomu irudishe bila saini, na cheti chako kisitoke mkononi mwako hata kwa usiku mmoja. Matokeo ya muhula yakishatoka na ukajiona umesimama wapi, ndipo urudi kuzungumza nao.

Nianze na muda, maana ndio unaomtisha mama, na ana haki ya kutishika. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza: darasani, maktaba, semina na kazi za kuandika, vyote ndani. Kwa hiyo muhula mmoja ni krediti 60, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki kama 17 pamoja na za mitihani, unapata takriban saa 35 za masomo kwa wiki. Netiboli ya chuo ikiwa na mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, na mechi mwisho wa wiki, pamoja na kwenda, kurudi na kuoga, haitazidi saa 10. Jumla ni 45. Mtu anayelala saa nane kila siku ana saa 112 za kuwa macho kwa wiki. Kufua, kupika, ibada, foleni ya kutoa kopi na simu ya nyumbani vyote vinapata nafasi. Msomee mama hesabu hiyo kama ilivyo. Wazazi wengi hudhani mchezo unakula siku nzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapigia hesabu.

Ila mtu akikuambia michezo haileti sapu (mtihani wa kurudia somo ulilofeli) kabisa, usimsikilize. Inaleta, na najua inavyoleta. Sapu hailetwi na saa za mazoezi, inaletwa na siku. Timu inaalikwa bonanza Masasi Jumamosi, gari linachelewa, mnarudi Jumapili usiku wa manane, na Jumatatu saa mbili asubuhi kuna testi. Umeisomea wiki nzima, lakini unaiandika kwa kichwa kilicholala saa tatu. Testi mbili za namna hiyo zinakula alama zako za koswek, yaani za kazi na testi za ndani ya muhula, kisha UE, mtihani wa mwisho wa muhula, unaingia ukiwa umebanwa tayari. Wasichana niliowaona wakikwama hawakukwama kwa uvivu. Walikuwa wanaona haya kumwambia kocha, "Safari hii siendi."

Kwa hiyo wiki hii hii tafuta almanaka ya chuo na ratiba ya testi za kila somo. Ziandike kwenye kalenda moja. Kisha mpe kapteni orodha ya wikiendi ambazo hutasafiri, mapema, kabla timu haijapangwa. Kapteni mzuri ataishukuru orodha hiyo, kwa sababu inamsaidia kupanga. Akinuna, nenda kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi au ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwa kuwa timu ya chuo iko chini ya ofisi hiyo, si mali ya kapteni. Na safari yoyote itakayogusa siku ya masomo, omba barua ya ruhusa kabla ya kuondoka, uwapelekee nakala wahadhiri wako. Kanuni za mitihani za vyuo vingi humsikiliza mwanafunzi aliyeomba mapema kuahirisha mtihani kwa sababu inayokubalika. Anayerudi na maelezo baada ya mtihani kupita ana kazi ngumu sana. Angalia pia kanuni ya mahudhurio katika prospekta yenu, maana mazoezi yakianza saa 10 jioni na wewe una kipindi hadi saa 11, vipindi unavyoviacha vinajumlishwa bila wewe kujua.

Hapo ndipo timu ya chuo inapoishinda ya mtaani kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ratiba yake inafuata almanaka ileile unayoifuata wewe. UE zikikaribia, mazoezi yanapungua, kwa kuwa hata kapteni anasoma. Likizo ikifika, timu inalala. Mashindano ya vyuo vikuu yanayosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo vikuu nchini, TUSA, yanajulikana chuoni mapema, na anayekwenda anakwenda kwa ruhusa ya chuo. Timu ya mtaani inafuata kalenda ya chama cha mpira, na kalenda hiyo haijui kwamba wewe una UE. Zaidi ya hapo, wewe unasoma ualimu. Likizo ndefu utapangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha, labda Tandahimba, labda huko kwenu Njombe. Ukishasajiliwa na klabu, mwalimu wa timu atakuhesabu ndani ya kikosi wakati wewe uko darasani unafundisha kidato cha pili.

Sasa ile fomu. Hapa nataka unisome polepole.

Saini kwenye fomu ya usajili si kama kuandika jina kwenye daftari la mahudhurio. Kwenye mpira wa miguu, kanuni za FIFA ambazo TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini, inazifuata zinataka mchezaji asajiliwe na klabu moja tu kwa wakati mmoja. Ndani ya msimu mmoja anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, na kucheza mechi za mashindano kwa mbili tu. Maana yake, ukisajiliwa leo na timu ambayo hujawahi hata kuona mechi yake, halafu mwakani ikaja timu kubwa zaidi ikakutaka, lazima zifuatwe taratibu za uhamisho, na klabu ya kwanza ina neno. Sisemi wana nia mbaya. Timu nyingi za mtaani hapa mjini zinaendeshwa na watu wanaotoa fedha zao mfukoni kununua mipira, na nawaheshimu sana. Lakini mtu mwenye nia njema anaweza kuwa na karatasi mbaya.

Kabla ya kusaini fomu ya klabu yoyote, uliza kama imesajiliwa. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967, ndiyo iliyoanzisha BMT, na klabu inayofuata taratibu inasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, ina katiba, ina viongozi wanaojulikana, na afisa michezo wa manispaa anaifahamu. Omba kuiona katiba. Uliza usajili ni wa muda gani, nani analipa matibabu ukiumia uwanjani, na ukitaka kuondoka unaandikia barua nani. Kama wameahidi nauli, iandikwe ni kiasi gani na hutolewa lini. Fomu yenye sehemu tupu usiisaini hata kidogo, maana sehemu tupu itajazwa na mwingine. Na ukisaini siku moja, toka na nakala yako.

Cheti ndicho kilichonikasirisha. Klabu inaweza kuhitaji kuthibitisha umri na uraia wako, na kwa hilo nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA inatosha, ikibidi ikiwa imegongwa muhuri na wakili. Hakuna usalama wowote wa mchezaji unaopatikana kwa klabu kushikilia cheti halisi cha NECTA. Usalama wanaouzungumzia ni wao kuhakikisha huondoki. Kikipotea, utaanzia polisi kutafuta ripoti ya upotevu, halafu safari ya barua na kusubiri, na wewe utakihitaji siku ya kuomba ajira. Wakisema bila cheti hakuna jezi, basi waache wabaki na jezi yao.

Utaniuliza, kama siku moja nitasaini, je, naweza kucheza vyote viwili? Inawezekana. Netiboli iko chini ya chama chake, CHANETA, na mpira wa miguu uko chini ya TFF, hivyo usajili wa mmoja haufungi mwingine. Michezo ya vyuo nayo haiko kwenye ligi za TFF. Tatizo litakuwa miguu yako, na makocha wawili ambao kila mmoja anadhani anakupa mazoezi peke yake. Ikifika hapo, kila kocha ajue ratiba ya mwenzake, na siku moja ya wiki iwe ya kupumzika kabisa.

Nakuja kwenye joto, maana swali lako lilipita juu yake haraka na mimi naliona ni kubwa. Umetoka Makete, sehemu zilizo juu ya mita 2,000, ambako Juni na Julai majani yanapigwa na baridi kali. Umeshuka hadi usawa wa bahari, na mwaka wa masomo unaanza wakati joto la pwani linapanda na hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Huo si udhaifu wako. Mwili unahitaji takriban siku 10 hadi 14 za kujizoesha: kiasi cha maji katika damu kinaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea nalo inapungua. Lakini unajizoesha ukifanya mazoezi kidogo kidogo ndani ya joto hilo, si kwa kukaa bwenini chini ya feni. Siku nne za mwanzo fanya nusu ya wanachofanya wenzako, umwambie kocha sababu, kisha uongeze.

Kunywa maji kutwa nzima, usingoje kufika uwanjani. Ukiona mkojo ni wa rangi ya chai, siku hiyo hujanywa vya kutosha. Dafu baada ya mazoezi ni zuri, na hapa Mtwara halina shida kulipata. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea visivyoeleweka au kushindwa kukumbuka yuko wapi, mchezo umeisha: kivulini mara moja, mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mwingine atafute usafiri wa Ligula hospitali wakati mnaendelea kummwagia. Na kwa kuwa huku malaria ipo, homa yoyote ni ya kupima, si ya kutolewa kwa kukimbia. Wewe uliyekulia nyanda za baridi mwili wako haujaizoea, hivyo usilipuuze hili.

Goti sasa. Netiboli na mpira vyote vina kusimama ghafla na kugeuka, na wanawake huchanika ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule. Mara nyingi hakuna aliyemgusa: ametua vibaya tu. Ukifanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani kunachukua miezi 9 au zaidi, kwa hiyo tuliangalie kwa karibu. Wewe ni senta. Unaruka kudaka pasi, na sheria ya hatua inakukataza kutembea na mpira, hivyo unatua na kusimama palepale, na una sekunde 3 tu za kuutoa. Waangalie wachezaji wengi wakitua: mguu umenyooka kama fimbo, kisigino kinagonga chini kwanza, goti linaingia ndani kuelekea goti lingine, na kiwiliwili tayari kinageuka kutafuta mtu wa kumpa pasi. Hapo ndipo panapochanika. Tua kwa mbele ya wayo, goti likunjike, nalo lielekee kule vinakoelekea vidole vya mguu. Ukiweza, tua kwa miguu yote miwili. Kwanza tulia, halafu geuka. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu ukiruka mara kadhaa kutoka mbele, utajiona mwenyewe.

Kuna programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, mazoezi 15 ya takriban dakika 20, haihitaji kifaa chochote isipokuwa uwanja na mpira. Utafiti uliofanyika Norway kwa wasichana wanaocheza mpira, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja kwa timu zilizoitumia. Imetungwa kwa ajili ya mpira wa miguu, lakini kuruka, kutua na kukata kona ni vilevile kwenye netiboli. Kama timu yenu inapasha kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kunyoosha mikono, jitolee kuwa wewe ndiye unayeiongoza programu hiyo. Mgeni anayekuja na kitu chenye faida hupokelewa haraka.

Viatu: usicheze netiboli kwenye sakafu ya saruji na raba zilizokwisha soli. Mitumba mizuri ipo, ila kunja kiatu kabla ya kununua: kikikunjika katikati ya wayo, kiache.

Chakula hakinisumbui sana kwa mtoto aliye Mtwara. Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) likichelewa, muhogo wa kuchemsha au ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa huku) na kikombe cha chai saa mbili kabla ya mazoezi vinakutosha kukimbia. Korosho ule baada, si kabla, kwa kuwa mafuta yake yanakaa tumboni muda mrefu. Maharage, dagaa na mchicha usiviache, kwa sababu msichana anayepata hedhi na anayetoka jasho kila siku anaishiwa madini ya chuma haraka. Ukijiona unachoka kupita wenzako hata baada ya kuzoea joto, kapime wingi wa damu. Kadi yako ya bima ya afya iwe hai kabla ya mechi ya kwanza. Wanafunzi wa vyuo wamekuwa wakilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa NHIF, na picha moja ya goti inaweza kukukumbusha thamani yake.

Jambo la kuwa msichana katika timu nitalisema wazi. Huku jua linazama mapema kuliko ulivyozoea: mwezi Juni ni muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza likishuka linashuka haraka. Mazoezi yakiisha, rudini kwa kundi, na kama mnatumia boda, iwe ya kijana mnayemfahamu. Kocha au kiongozi yeyote atakayekuambia namba kwenye kikosi inapatikana kwa kwenda kumwona faragha, huyo anatenda kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu hilohilo. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113, na polisi wana dawati la jinsia. Mweleze pia mtu mzima unayemwamini chuoni siku hiyohiyo, wala usiogope kupoteza nafasi yako, maana nafasi ya namna hiyo si yako kuitunza.

Kama hutachaguliwa kwenye kikosi cha kwanza, usiondoke. Shule utakayopangiwa itataka mwalimu wa kushika netiboli ya wasichana wakati wa UMISSETA, na anayejua kupuliza filimbi, kuweka alama za mchezo na kupanga mazoezi ya wiki anahitajika kuliko mnavyofikiri mkiwa chuoni. Kaa benchi, jifunze urefa, beba daftari la matokeo. Na kama ndoto yako ni kucheza ngazi ya juu, sikuzuii hata kidogo. Ndanda ilitoka mji huuhuu ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, tukajaa Nangwanda Sijaona kuishangilia. Namungo ya Ruangwa ilipanda msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hizo ni timu za wanaume, na ndiyo sababu zaidi ya kutaka mabinti wa Kusini wenye miguu yako nao wafike. Una miaka 20. Muhula mmoja wa kuchunguza hautakunyang'anya mpira.

Kuhusu mama, usimfiche. Mpigie Jumapili, msomee ile hesabu ya saa 45, mwambie umekataa kutoa cheti, na mwahidi kwamba matokeo ya muhula wa kwanza utamsomea somo kwa somo. Ukipata sapu, utapunguza mazoezi hadi uifute. Mzazi anayepewa sharti la namna hiyo hulegea, na wewe unakuwa na kitu cha kukusukuma maktaba siku ambazo mwili unauma.

Fomu irudishe wewe mwenyewe, mchana, ukiwa na mwenzako. Waambie: "Asanteni kwa kuniona, nimeanza chuo juzi, nitakuja mazoezini nikipata nafasi, kusaini tutazungumza muhula ujao." Kiongozi muungwana ataelewa na atakukaribisha. Akikulazimisha au akikutisha, nenda ofisi ya afisa michezo, Manispaa ya Mtwara Mikindani, umweleze jina la timu na walichokutaka. Ukishatoka huko, wahi mazoezi ya netiboli saa 10 na nusu, ukiwa na chupa yako ya maji.